Barua kwa mwanangu fundi sola: jina lako mtandaoni

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza ufanye nini jina lako lijulikane mtandaoni, maana mafundi sola Mwanza wamejaa na wateja wanakuulizia bei kisha wananyamaza. Nakujibu kwa kirefu, kwa sababu wengi jambo hili hulianzia mwisho. Wanatengeneza nembo, wanachagua rangi, wanafungua kurasa tano, na bado mtu akiuliza "yule anafanya nini hasa?" hapatikani wa kumjibu.

Chagua tatizo moja kwanza. "Nafunga sola" kila fundi anasema. "Nafunga sola kwa maduka yenye friji" ni maneno ambayo mwenye duka la vinywaji kule Igoma akiyasoma anajua anasemwa yeye. Hakuna anayekukataza kufunga taa za nyumbani, na kazi hizo zitaendelea kuja zenyewe. Ila unachokionyesha hadharani kiwe hicho kimoja, angalau miezi sita, ili watu wapate cha kukukumbukia. Friji unazielewa vizuri, basi simama hapo.

Halafu jina lenyewe. Tumia majina yaleyale mawili kila mahali, kwa tahajia ileile, na picha ileile: uso na mabega, umesimama karibu na dirisha asubuhi, si picha iliyokatwa kwenye harusi. Fungua kivinjari bila kuingia kwenye akaunti yako, ujitafute. Wakitokea wengine wenye jina kama lako, ongeza la tatu au neno "sola" mbele yake. Namba ya simu iwe moja, iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe, na usiiache ikalala, kwani laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba akapewa mtu mwingine. Barua pepe ya chuo au ya mwajiri usiitumie kufungulia akaunti hizi. Siku wakiifunga, umepoteza kila kitu.

Sasa kiini cha barua hii, yaani utaandika nini. Andika hesabu za kazi. Chukua mfano wa duka lenye betri moja ya jeli, volti 12, Ah 200 (ampea-saa, yaani ujazo wake), na mwenye duka analalamika betri inakufa mapema. Posti yako iende hivi: "Betri hii imebeba Wh 2,400 (wati-saa, yaani volti 12 mara Ah 200). Nilipima friji kwa mita ya plagi, inakula Wh 1,500 kwa saa 24, kwa hiyo saa 14 zisizo na jua la maana ni kama Wh 875. Taa na runinga zinaongeza Wh 500. Ukijumlisha na kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kuendesha friji, kila usiku inatoka karibu Wh 1,550, sawa na asilimia 65 ya betri. Betri ya jeli haitakiwi kushuka chini ya nusu kila siku, ndiyo maana inakufa mapema. Tumeweka mbili, sasa usiku inatumika kama theluthi moja tu." Ongeza picha ya mita ikisomeka vizuri, na picha ya nyaya zilivyopangwa kabla na baada. Basi. Hapo hujajisifu hata kidogo, lakini mwenye friji anayesoma ameshajua kwa nini aliyemuuzia betri moja kwa bei nafuu alimwingiza hasara, na ameshajua wa kumpigia.

Posti ya namna hii moja kwa wiki inatosha. Siku ya kazi piga picha nne: hali uliyoikuta, kipimo, kazi ikiendelea, kazi ikiisha. Vipimo viandike kwenye daftari palepale, maana jioni utakuwa umevisahau na utaanza kukisia, na fundi mwenzako akikukamata na hesabu ya uongo mbele ya watu, imani hairudi kirahisi. Baada ya mwezi mmoja mpigie mteja, uliza friji inashikaje usiku, kisha uweke jibu hilo chini ya posti ileile. Mafundi wachache sana hufanya hivyo.

Kuhusu mahali pa kuweka, usijitawanye. WhatsApp Business iwe nyumba yako. Weka kazi zako tano bora kwenye katalogi, kila moja na maelezo yake, kwa sababu stetasi hufutika baada ya saa 24 na mteja anayekuja Jumatatu haoni ulichoweka Jumamosi. Washa uthibitisho wa hatua mbili wenye PIN ya tarakimu sita, na namba ya kuthibitisha inayokuja kwa meseji usimtajie mtu yeyote hata akijiita nani. Kisha jisajili kwenye Google ili uonekane kwenye ramani. Ni bure, ingawa watataka uthibitishe, mara nyingi kwa video ya simu inayoonyesha vifaa na kazi yako. Kwa kuwa huna duka, ficha anuani ya nyumbani, taja maeneo unayohudumia. Ukimaliza kazi omba mteja aandike maoni, na umwombe ataje kilichofanyika, si "fundi mzuri" peke yake. Wadogo zako wasikuandikie. Maoni ya kupika Google huyaondoa, na watu huyanusa.

LinkedIn ni ya kampuni na mashirika yanayotafuta mtu wa kuajiri au wa kumpa kandarasi ndogo. Huko andika Kiingereza. Mstari ulio chini ya jina unachukua herufi 220, lakini wa maana ni mwanzo wake, kwani kwenye simu sehemu ya mwisho hukatwa. Taja kazi, aina ya wateja, mji, na leseni yako ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, pamoja na daraja lake. Maneno kama "mwenye shauku" na "mbunifu" yatoe yote. Daraja la leseni mtu anaweza kulihakiki, shauku hawezi.

Kuna jambo linanipa wasiwasi kweli, nalo ni usalama wa wateja wako. Picha ya paneli sita juu ya bati, geti likionekana na namba ya nyumba, ni tangazo kwa mwizi. Piga kwa karibu, usionyeshe geti, usitaje mtaa, na zima eneo kwenye kamera, kwa sababu picha ikitumwa kama faili hubeba alama ya mahali ilipopigwa. Omba ruhusa kwa meseji na uitunze. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, hilo ni haki yao. Kazi uliyoifanya chini ya kampuni ya mtu usiiweke kabla hujasoma mkataba wako.

Wafuasi wa kununua usiguse. Hawana friji, hawatapiga simu, na posti zako zikianza kuonyeshwa kwa akaunti zisizojibu, mtandao utaacha kuzisukuma kwa watu halisi. Picha za mafundi wengine nazo usichukue; kuzitafuta asili yake ni kazi ya dakika moja. Na mteja akikukera, nipigie mimi, usiandike stetasi.

Miezi mitatu ya kwanza itakuwa kimya. Usiipime kwa alama za moyo ulizopata kwenye posti. Kila anayepiga simu muulize alikuonea wapi, uandike nyuma ya daftari lilelile. Mwezi wa nne tutakaa na orodha hiyo tuone mtandao gani uuache.

Picha za kazi ya wiki hii nitumie mimi kwanza, nizikague kama kuna geti linaonekana.

Mama yako