Re: Nina masters ya uhusiano wa kimataifa, nianzie wapi kazi ya utafiti?

Ndugu yangu, umesema umetuma maombi Gigiri, kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa hapa Nairobi, mwaka mzima bila jibu na sasa unawaza PhD. Ngoja kwanza. Pale UN-Habitat (shirika la makazi) na UNEP (la mazingira) watu wanapanga foleni na wewe kutoka dunia nzima. Anza chini, kwa ukusanyaji wa data.

Mimi nilianzia mtaa wa mabanda wa Mathare na tableti yenye KoboToolbox, programu ya kujazia dodoso, malipo ya siku kwa siku (na wakati mwingine ya mwezi ujao, ila hayo tuyaache). Dodoso lilitoka ng'ambo, likauliza kama mtu anaridhika na "utawala". Mama mmoja, huku akigeuza chapati, akaanza kunieleza habari za AP waliomchukulia jiko. Kwake utawala ni polisi wa utawala! Siku hiyo nilijua kwa nini mtu wa hapa anahitajika, na nikamwandikia bosi kurasa mbili kuhusu swali hilo. Hizo kurasa ndizo zilizonipa kazi ya pili.

Halafu soma ripoti ya Tume ya Waki ya 2008, kuhusu ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na ile ya TJRC (Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano) ya 2013, zote mbili, usiishie muhtasari. Jifunze Stata au R, programu za kuchambua takwimu. Ukijua Kisomali au Kiarabu cha Juba, umewapita wengi, maana miradi mingi ya Somalia na Sudan Kusini inaendeshwa kutoka Nairobi.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, usikidharau. Uliza kimelipiwa na nani kabla hujapanda matatu.