Udongo juu ya slabu: maswali yenu kuhusu mapaa yenye mimea

Tangu nitaje mapaa ya kijani, ujumbe haukatiki. Nusu ya walioandika walidhani nasifia bati la rangi ya kijani. Hapana, nasema udongo na majani hai juu ya nyumba. Haya ndiyo maswali yaliyojirudia zaidi.

Nina nyumba hapa Shangani, Mtwara. Juu ni slabu tupu, nilitaka kuongeza ghorofa, hela ikakata. Naweza kumwaga udongo nipande majani ili vyumba vya chini vipoe?

Kupoa vitapoa. Jua litapiga majani badala ya zege, na maji yanayopotea kupitia majani huondoka na joto. Shida ni uzito. Udongo wa kawaida ukishaloa, sentimita 10 tu zina kilo 160 hadi 200 kwa kila mita ya mraba. Paa la zege lisilokusudiwa kukaliwa na watu mara nyingi hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 60 hadi 150. Wewe una nafuu, maana slabu yako ilikusudiwa kuwa sakafu, *kama* fundi aliifuata ramani. Hiyo "kama" ndiyo ya kumlipa mhandisi.

Kabla hajafika, ingia chumbani utazame juu. Plasta ikibanduka na kuacha michirizi ya kutu, ujue chumvi ya bahari imeshazifikia nondo. Tengeneza hilo kwanza.

Ukiruhusiwa, usipandishe udongo wa shamba. Changanya mboji na makumbi ya nazi yaliyopondwa na kuoshwa chumvi, ni mepesi na hushika maji. Maganda ya korosho yaache huko huko: mafuta yake hubabua ngozi, na atakayepalilia kwa mikono ni wewe.

Fundi wangu hapa Lindi anasema lami ya kupaka mara mbili inatosha kuzuia maji. Nimwamini?

Kwenye paa tupu ningenyamaza. Chini ya bustani, hapana. Paa tupu hukauka mvua ikikata, lakini la bustani hubaki na unyevu siku nyingi, na mizizi haichoki kutafuta ufa. Weka karatasi ya lami ya kuchomelea kwa moto, na ipande ukutani hadi sentimita 15 juu ya usawa wa udongo. Juu yake plastiki nzito ya kuzuia mizizi, kisha kokoto za kupitisha maji, kitambaa cha kuchuja, ndipo udongo. Slabu yenyewe iwe na mteremko wa angalau sentimita 2 kwa kila mita.

Kabla ya udongo, ziba mabomba, jaza maji kina cha sentimita 5, acha siku mbili, kisha kagua dari. Mimi niliiruka hatua hii kwenye stoo yangu. Ilipofika Machi, magunia mawili ya mbaazi yalikuwa yamechipua humo ndani, nami nikashusha udongo wote, ndoo kwa ndoo, kutafuta ufa ambao hata ukucha haungepita.

Na matundu ya kutolea maji yawe mawili au zaidi, pamoja na upenyo wa dharura kwenye ukuta wa ukingo. Lindi mliziona mvua za kimbunga Hidaya, Mei 2024. Tundu likizibwa na majani, dimbwi la sentimita 10 linaongeza kilo 100 kwa kila mita ya mraba.

Niko Newala, nyumba ya bati, navuna maji ya mvua. Paa la mimea litanifaa?

Halitakufaa, dada yangu. Mvua ya milimita 20 kwenye bati la mita za mraba 80 inakupa karibu lita 1,600. Udongo ungekunywa sehemu kubwa, na yanayobaki yangeshuka na rangi ya chai. Kenchi zako nazo hazikujengwa kwa mzigo huo. Weka dari, panda mti upande wa magharibi, bati liendelee kujaza tangi.

Mimea gani itavumilia kiangazi cha Masasi?

Shubiri na jamii ya mimea ya majani manene. Nyasi za kapeti zinapendeza Februari, ila kuanzia Juni hadi Oktoba zinaweza kutaka karibu lita 4 kwa mita ya mraba kila siku. Kwa mita 50 hilo ni pipa zima, kila siku, na linapandishwa juu! Ng'oa pia miche ya mikuyu inayoletwa na ndege ingali midogo. Ikikomaa inapasua zege.

Tuna nyumba ya mawe ya babu Mikindani, paa bapa la boriti na chokaa. Je?

Usiiguse. Boriti hizo za mikoko tayari zimebeba mawe na chokaa, na ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba, mita 3 hivi. Chokaa hunyonya maji, na boriti huanza kuoza kwenye vichwa vilivyozama ukutani, mahali usipopaona. Bustani iwe ya vyungu, uani. Paa lipigeni chokaa nyeupe kabla ya mvua za Desemba, nayo hupunguza joto.