Mzee wa Banio Anajibu: Kijiti cha Mto Indus

SWALI: Shikamoo Mzee wa Banio. Mimi ni mkulima wa mpunga na kakao huku Kyela, si mbali na Kasumulu. Kijana wangu wa sekondari ameniambia kwamba India imeusimamisha mkataba wake wa Mto Indus na Pakistan, mkataba wa tangu 1960, kisha akamalizia: "Baba, makaratasi hayazuii vita." Nami shamba langu liko kando ya Songwe, mto ambao masika ikikolea unajihamia unakotaka, na ng'ambo ni Malawi. Hii mikataba ya mito inaleta amani kweli, au tunapumbazwa? (Msomaji, Kyela)

JIBU: Marahaba, mkulima mwenzangu. Kijana wako amepatia nusu. Mkataba ule haukuzuia vita: India na Pakistan walipigana 1965, wakapigana tena 1971, wakarudiana 1999. Sasa nikupe nusu iliyobaki.

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, mpaka wa India na Pakistan ulichorwa ukapita juu ya mifereji ya jimbo la Punjab. Baadhi ya mabanio, yaani milango ya kuingizia maji mferejini, yakabaki India, mashamba yanayonyweshwa na mabanio hayo yakaangukia Pakistan. Aprili 1, 1948, upande wa India ukafunga maji. Wewe unayelima mpunga huhitaji kuelezwa jaruba lililokauka linamfanya mtu awaze nini. Maji yalirudishwa baada ya makubaliano ya Mei mwaka huohuo, ila hofu haikuondoka. Benki ya Dunia ikaingia kati, mazungumzo yakachukua miaka, hadi Septemba 19, 1960, Nehru wa India na Ayub Khan wa Pakistan walipoutia saini mkataba mjini Karachi.

Hawakugawana maji kwa ndoo. Waligawana mito yenyewe, kama ndugu waliochoka kulima shamba moja: Ravi, Beas na Sutlej kwa India, Indus, Jhelum na Chenab kwa Pakistan, India ikiruhusiwa matumizi machache tu kwenye hiyo mitatu ya mwisho. India ikakubali pia kulipa pauni milioni 62 na ushei, kwa mafungu kumi ya kila mwaka, kusaidia Pakistan ichimbe mifereji mipya. Vita vya 1965 vikazuka malipo hayajaisha, na fungu la mwaka ule likalipwa. Hapo huwa nacheka peke yangu: mkono mmoja unamtwanga jirani ngumi, mkono mwingine unamhesabia hela ya mfereji.

Lakini kiungo ninachokipenda mimi katika mkataba ule ni kidogo. Kila nchi iliweka kamishna wake, na makamishna hao wawili walitakiwa wakutane angalau mara moja kwa mwaka na wapeane takwimu za mito.

Nilikuwa katibu wa mfereji mmoja Mbarali, wa vijiji viwili, cha juu na cha chini. Tulichomeka kijiti kwenye banio, tukakitia alama kwa rangi nyekundu, na kila asubuhi saa kumi na mbili mtu mmoja wa kila kijiji alikwenda kukisoma na kuandika kwenye daftari. Msimu mmoja wasomaji wetu walikuwa wamegombana kwa sababu ya ng'ombe kuingia shambani. Hawakusalimiana miezi minne. Mmoja anasema, "Alama ya saba," mwenzake anaitikia, "Saba," wanaandika, kila mtu anashika njia yake. Mfereji ulikwenda vizuri mno msimu ule.

Kisha uongozi wa kijiji cha juu ukanuna kwa jambo jingine kabisa, msomaji wao akaacha kuja. Sikiliza: hakuna aliyeziba maji. Nilikwenda mwenyewe kutazama, hapakuwa na kiroba hata kimoja cha mchanga kwenye geti. Hata hivyo siku ya tatu watu wa chini walikuwa wanalala banioni na mapanga, kwa sababu kila maji yakishuka kidole kimoja hawakuwa na wa kumuuliza ni jua au ni jirani.

Ndicho kilichotokea Indus. Aprili 22, 2025, washambuliaji waliua watu 26 Pahalgam, Kashmir. Kesho yake India, ikiilaumu Pakistan, ambayo ilikana, ikatangaza kuuweka mkataba kando. Pakistan ikajibu kwamba kuzuia maji yake itakuwa sawa na kutangaza vita. Ukweli ni kwamba India haina mabwawa ya kutosha kuyashika maji ya mito ile mikubwa wakati imejaa. Kilichokatika upesi ni habari. Agosti mwaka huohuo mafuriko yalipokuja, India iliitahadharisha Pakistan kupitia ubalozi wake Islamabad. Meza ya makamishna haikutumika. Afadhali hivyo kuliko kimya, lakini mafuriko hayamngoji balozi avae tai.

Turudi Songwe. Wewe ng'ambo una shemeji, sina haja ya kuuliza; Wanyakyusa na Wangonde ni watu wa damu moja. Mgogoro wa Ziwa Nyasa kati yetu na Malawi unatokana na mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890, na bado haujaisha. Pamoja na hayo, mwaka 2017 nchi hizi mbili zilisaini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Hazikungoja ziwa lipatiwe jibu kwanza, na mimi naona ni busara. Kwenye mkutano wa kijiji uliza swali moja: mto ukifura usiku kule juu, nani anampigia simu nani?

SWALI: Mzee, Nile haipiti Tanzania. Sisi tunatafuta nini kwenye mikataba yake? (Msomaji, Iringa)

JIBU: Haipiti, lakini Kagera inamwaga Ziwa Viktoria, na Nile inatokea ziwani. Mwaka 1929 Mwingereza alikubaliana na Misri kwa niaba yetu bila kutuuliza. Mwaka 1959 Misri ikajiandikia mita za ujazo bilioni 55.5 kwa mwaka na Sudan 18.5, nchi za juu hazikutajiwa hata kikombe. Mwalimu Nyerere alishaarifu 1962 kwamba makubaliano ya 1929 hayaifungi Tanganyika, na baadaye tukavuta maji ya ziwa hadi Kahama na Shinyanga. Mkataba mpya wa Bonde la Nile ulianza kazi Oktoba 2024 ukiwa na nchi sita, Tanzania ikiwamo. Misri na Sudan hazimo, kwa hiyo kijiti cha kusomwa na wote hakijachomekwa.