Macho mazima, lakini nagonga miimo ya mlango kushoto na kulia

Ndugu, unasema daktari wa macho amekuambia macho yako ni mazima, kisha akakutuma upigwe picha ya MRI ya kichwa, nawe unashuku anataka kukula pesa. Nenda upigwe. Mimi nilishuku hivyohivyo nikapoteza miezi saba.

Naendesha matatu, Githurai hadi mjini. Ndani ya mwezi mmoja nilivunja vioo vya pembeni vya magari mawili, moja lilikuwa kushoto kwangu, jingine kulia. Makanga akadhani naamkia chang'aa! Nikanunua miwani, pesa ya bure, maana herufi za ubaoni nilizisoma zote. Kilichokuwa kimepotea ni pembeni.

Neva mbili za macho hukutana chini ya ubongo. Nyuzi zinazotoka nusu ya jicho iliyo upande wa pua huvuka kwenda ng'ambo. Za upande wa sikio hazivuki. Na kwa kuwa mwanga huingia jichoni kwa kukingamana, nusu hiyo ya puani ndiyo inayoona mambo ya pembeni. Sasa, chini tu ya makutano hayo imekaa tezi ya pituitari, tezi ndogo inayotoa homoni. Ikiota uvimbe ukapanda juu, hubana zile nyuzi zinazovuka. Pembeni kunazima pande zote mbili, mara nyingi kuanzia juu, na katikati unaona vizuri tu.

Jipime: ziba jicho moja, tazama mbele, mtu asogeze kidole kutoka pembeni. Rudia la pili. Kila jicho likikosa upande wake wa nje, shuku hayo makutano. Likikosa jicho moja pekee, tatizo liko kabla ya makutano. Yakikosa yote upande uleule, tuseme kulia, liko nyuma yake. Kiharusi huleta hiyo.

Uvimbe wangu ulikuwa wa kutoa prolaktini, homoni ya maziwa, ambayo ikizidi hupunguza nguvu za kiume. (Nguvu za chumbani zilikuwa zimeniaga zamani, nikasingizia usukani.) Nilipewa vidonge vya kabergolini, mara mbili kwa wiki, uvimbe ukasinyaa bila kisu. Aina nyingine nyingi hutolewa kwa upasuaji kupitia puani, kwa hiyo dai damu ipimwe prolaktini kwanza.

Unaposubiri picha, usiendeshe. Na kichwa kikikupasuka ghafla huku macho yakififia, usingoje miadi: kimbia hospitali usiku huohuo, uvimbe huenda umevuja damu.