Daraja la I si ngazi ya 1

Wiki iliyopita mliuliza: je, ngazi za ufundi stadi, ya 1 hadi ya 3, zinaeleza kweli ujuzi wa fundi? Niliposoma tu nikajibu moyoni: hapana, hata kidogo. Namba hizo nimeziona zikimdhalilisha mtu mbele ya masufuria yangu.

Mwaka 2016 nilikuwa mama lishe kwenye ujenzi wa ghorofa hapa Morogoro. Baba yangu mdogo alikuja kuomba kazi ya uashi, cheti chake kimo ndani ya mfuko wa nailoni: jaribio la ufundi, Daraja la I, mwaka 1987. Wa umri wangu mnakijua. Zamani mtu alianza na daraja la III, akapanda la II, na waliobobea ndio waliofika la I. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, baadaye ikaleta mfumo unaohesabu kinyume: 1 ni ya anayeanza, 3 ndiyo ya juu kwa mafundi stadi.

Karani wa mkandarasi aliona "I", akaandika ngazi ya 1. Baba mdogo akapangwa saidia fundi, shilingi 10,000 kwa siku, wakati mafundi wanapokea 25,000. Hakubisha. Siku ya kwanza alikula wali maharage bila kusema neno. Ya pili aliomba chai ya rangi tu. Nikataka kumfuata karani na mwiko wangu mkononi, akanizuia: "Mwanangu, kazi ni kazi." Mikono yake ilikuwa imechubuka kwa kubeba ndoo za zege, mikono ambayo nusu ya nyumba za mtaani kwetu imezijenga.

Siku ya tatu, fundi aliyekuwa akimsaidia, kijana mwenye ngazi ya 3, alikuwa anapandisha kona ya ukuta, mstari wa sita wa matofali. Baba mdogo akatua ndoo, akaitazama kona kwa jicho moja. "Imelala," akasema. Kijana akashusha timazi, ule uzi wenye kizito wa kupimia wima. Ilikuwa imelala kweli, upana wa kidole. Akamuuliza alikojifunzia, na mzee akatoa cheti mfukoni, maana alikuwa akitembea nacho. Kijana akakisoma, akanyamaza, kisha akasema: "Shikamoo mzee. Ulipaswa kunisimamia mimi." Akaenda ofisini mwenyewe. Kuanzia siku iliyofuata baba mdogo alilipwa kama fundi. Zile siku tatu hazikufidiwa mpaka leo.

Nimeandika mpaka hapa nikiwa na nia ya kuzilaumu ngazi, lakini sasa naona aliyekisoma cheti sawasawa ni huyohuyo kijana wa ngazi. Tena yeye ndiye aliyekuwa akisoma ramani na kupiga hesabu ya mifuko ya saruji. Baba mdogo alikuwa anasomewa. Na maelezo yenyewe ya ngazi si mabaya: ya 1 ni kazi za kawaida zinazojirudia, ya 2 inaongeza kazi zisizozoeleka, ya 3 ni kazi pana zaidi na uwezo wa kuongoza wenzako. Maneno hayo yangeandikwa kwenye cheti kwa Kiswahili, chini ya namba, karani asingekosea. Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, zinaeleza, mradi asomaye asiishie kwenye tarakimu. Ingawa kona iliyolala ilijengwa na ngazi ya 3, na hilo sijui niliweke wapi.

VETA huwapima pia waliojifunzia kazini, waashi na wapishi wakiwemo. Nilipomshauri baba mdogo aende, aliniuliza: "Nikapimwe mara ya pili kwa kazi ileile?" Sikuwa na la kumjibu. Mimi nimeshaulizia upande wa upishi, na fomu ninayo. Sijaijaza.