Wa mwenzio kashakaa wako bado? Tuongee kuhusu miezi ya mwanzo ya mtoto

Kuna swali naulizwa na wadada mpaka nimelizoea, linakuja hivi: dada mwanangu ana miezi minne hajageuka, wa jirani yangu wamepishana wiki mbili tu na yule kashageuka siku nyingi, huyu wangu ana shida gani? Na ukimchimba vizuri huyo mama unakuta hofu wala hakuianza yeye, ni wifi kaja kumwona mtoto, kakaa dakika tano, kasema "mbona huyu kalegea", au ni lile grupu la WhatsApp la wamama ambalo mtu akiposti video mwanae kakaa mwenyewe basi usiku huo wengine hawalali.

Sasa sikieni. Shirika la Afya Duniani waliwahi kufuatilia watoto wenye afya njema wa nchi tano, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, wakaandika kila mtoto kakaa lini, katambaa lini, katembea lini. Kukaa bila kushikwa kulianzia karibu na miezi 4 kukaenda hadi miezi 9 na kidogo. Kutembea mwenyewe kulianzia miezi 8 na kukafika 17 na nusu. Yaani mmoja anakimbiza kuku uani na mwenzie bado anashika makochi, na wote wazima kabisa. Halafu wako kama asilimia 4 hivi ambao hawakutambaa kwa mikono na magoti hata siku moja, walipitiliza wakaenda zao kusimama. Kwa hiyo mtu akikwambia mwezi fulani lazima mtoto afanye kitu fulani, muulize nani kasema.

Mimi hili nalijua kwa mwili wangu kwa sababu nina wawili na hawafanani kwa lolote. Wa kwanza alikuwa na haraka zake. Wa pili ni njiti, kazaliwa wiki ya 33, na pale wodini kuna nesi mmoja alinikalisha akanieleza kitu ambacho mpaka leo nawaeleza wenzangu wenye njiti: mtoto wako ana umri mara mbili, ule wa tarehe aliyozaliwa na ule wa tarehe aliyotakiwa kuzaliwa, na ukitaka kupima anavyokua tumia huo wa pili. Watoto wengi wanaanza kutabasamu kwa kukujibu wewe kati ya wiki ya 6 na ya 8. Wangu katabasamu ana miezi mitatu na siku kadhaa, na maneno yalishaanza kuzunguka kwenye ukoo, lakini toa zile wiki saba alizowahi kutoka, unaona kabisa yuko palepale wanapokuwa wenzie. Ila chanjo hazina hesabu hiyo jamani, chanjo zinafuata tarehe aliyozaliwa, zile za wiki 6, 10 na 14 usisogeze mbele eti kwa kuwa ni mdogo, labda daktari mwenyewe aseme.

Huyohuyo nesi ndo alinifundisha kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, wenyewe wanaita kangaruu. Ilianzia Bogotá kule Kolombia mwishoni mwa miaka ya 1970, mashine za joto zilikuwa hazitoshi, wakaona bora mama mwenyewe awe ndo joto. Mtoto anakuwa na pampasi na kofia tu, unamfunga, unajifunika khanga, maisha yanaendelea. Na baba mtu alipokea zamu, shati kavua kakaa kwenye kochi mtoto kifuani anaangalia mpira, mama mkwe akabaki anashangaa mlangoni.

Nikisema hivi najua watakuja wa "utamzoesha mikono". Hii kauli imewanyima watoto wengi raha. Mtoto wa miezi miwili hana akili ya kukupangia njama, akilia ana njaa, kalowa, ana joto, anaumwa au anataka mtu, na kutaka mtu nalo ni hitaji. Ukimchukua anajifunza kwamba nikiita naitikiwa, na kwa maoni yangu hilo ndo jambo kubwa kuliko toi zote za Kariakoo.

Kwa sababu ukweli ni kwamba miezi mitatu ya mwanzo toi lake ni uso wako. Mtoto mchanga anaona vizuri kwenye sentimita 20 hadi 30, ambayo ni kama umbali kutoka kwenye ziwa mpaka kwenye uso wa mama, vya mbali vyote ni ukungu kwake. Sasa wewe unanyonyesha macho yako kwenye simu! Sikulaumu, usiku wa manane simu ndo inakuweka macho, mimi nazungumzia mchana. Mwangalie, toa ulimi uone kama hatatoa na yeye. Akifika kama miezi miwili anaanza zile "aguu, aguu", hapo sasa fanya hivi, akisema aguu na wewe mjibu aguu halafu NYAMAZA, msubirie, maana anachukua muda kupanga jibu lake na sisi watu wazima hatuna subira tunarukia kuongea tena. Atakujibu. Mnaweza mkapiga stori hivyo mpaka mtu anayepita akajua una mgeni. Akigeuza uso pembeni au akianza kupiga miayo ujue kachoka, muache, usimfuate na uso wako huko alikogeukia.

Na muongeleshe lugha unayoiota usiku. Kama ni Kisukuma, Kisukuma, kama ni Kichaga, Kichaga, kama bibi yake anakuja na Kingoni chake muache amwage, mtoto hachanganyikiwi. Ukiwa unamuogesha mwambie sasa tunaosha mkono, sasa mguu, sasa kwapa hili linanuka maziwa. TV yenye katuni haifanyi kazi hiyo, maana haisubiri ajibu wala haimuoni, na hao Shirika la Afya Duniani wanasema wazi chini ya mwaka mmoja skrini asiangalie kabisa.

Haya tuje kwenye mkeka. Mtoto analala chali, kila usingizi, mchana na usiku, hilo halina mjadala. Lakini akiwa macho na wewe upo hapohapo unamtazama, mlaze kifudifudi, ndo anapata nguvu ya shingo na mabega ya kuja kugeuka na kukaa. Jumla iwe walau nusu saa kwa siku, ila imegawanywa, mwanzo hata dakika moja moja baada ya kubadilisha pampasi, asiwe ametoka kunyonya muda huohuo maana atakucheulia. Wa kwangu alikuwa anachukia anapiga kelele kama anachinjwa, nikaanza kwa kulala mimi chali halafu yeye kifudifudi juu ya kifua changu, kichwa ananyanyua mwenyewe kuutafuta uso. Baadaye ndo mkeka, na mimi nalala chini macho yetu yanalingana.

Kumkalisha kwenye beseni na kumzungushia mito mtoto wa miezi mitatu, mimi siafiki, anakaa yeye au yanakaa mito? Na vile vigari vya magurudumu vya kutembelea achaneni navyo, Kanada walipiga marufuku kuviuza tangu 2004 kwa sababu ya watoto kuporomoka navyo ngazi, na wala haviwahishi kutembea. Mgongoni na khanga ruksa, shingo ikishakaza.

Kuhusu chakula sina mengi, maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6. Na msiniambie joto la Dar anasikia kiu, hayo maziwa zaidi ya asilimia 80 ni maji.

Sasa kuna mambo ambayo hayahitaji subira na hapa ndo naomba msije mkanielewa vibaya na zile namba za juu. Miezi mitatu imefika hashtuki kwa sauti kubwa, hafuati kitu kwa macho, hatabasamu kwa mtu, nenda kliniki ukaseme. Miezi minne kichwa kinaanguka tu, au mwili umekakamaa, au kalegea kama kitambaa, au anatumia mkono mmoja tu mwingine kaukunja muda wote, nenda. Alikuwa anafanya kitu sasa kaacha, nenda haraka. Chini ya miezi mitatu akichemka mwili ni hospitali siku hiyohiyo, sio panadol ya jirani. Na angalieni picha mnazopiga kwa flashi, kama jicho moja linarudi na mwanga mweupe katikati ya mboni wakati lingine halina, mpeleke akaonwe macho bila kuchelewa, inaweza kuwa retinoblastoma, kansa ya jicho ya watoto, na ikiwahiwa inatibika. "Ataacha akikua, hata baba yake alichelewa" hiyo iwekeni pembeni kwanza mpaka daktari amwone.

Ukienda beba kadi, na video fupi ya kile kinachokutia wasiwasi, maana mtoto akifika mbele ya daktari analala usingizi wa pono na wewe unabaki unaigiza kwa mikono.

La mwisho ni la mama. Kama wiki mbili zimepita bado unalia bila sababu, mtoto humtaki au unamuogopa, hiyo inaweza kuwa sonona ya baada ya kujifungua, mwambie nesi siku ya kliniki kama unavyomwambia mtoto anaharisha. Na wageni wakikupigia simu kuuliza walete nini, waambie waje na mikono yao, nguo zipo kwenye beseni, wewe ulale.