Kuchora kumbukumbu bila kuchora kitu: rangi na ruwaza katika uchoraji dhahania

Wengi wanaoingia kwenye uchoraji dhahania, yaani picha zisizoonyesha kitu kinachotambulika, huanza na orodha: nyekundu ni hasira, bluu ni huzuni, manjano ni furaha. Iweke kando. Orodha hiyo ni ya watu wote, na kumbukumbu ni yako peke yako, kwa hiyo ukiifuata utapata picha ambayo yeyote angeichora. Kinachobeba kumbukumbu kwenye turubai ni rangi ipi imekaa jirani na ipi, kila moja imechukua eneo kiasi gani, na ruwaza, yaani mpangilio wa alama zinazojirudia, inakatika wapi. Mambo hayo yanapimika, na mkono unaweza kuyazoea.

Kwanza punguza kumbukumbu yenyewe. "Utoto wangu" hauchoreki. Inachoreka dakika moja: mwanga uliopenya pazia la chumba cha mgonjwa, au mvua ya usiku mmoja juu ya paa. Andika mistari 10 kuhusu dakika hiyo bila kutaja kitu kwa jina. Usiandike "pazia", "mlango" wala "mama". Andika mwanga ulitoka upande gani na kama ulikuwa mkali au umechujwa, nini kilijirudia na kwa kasi gani, wapi palikuwa pazito, pakavu au panateleza. Ukikwama kwenye mstari wa nne, kumbukumbu bado ni pana mno, ikate tena. Mistari hiyo ndiyo utakayofanyia kazi, si picha ya kamera. Kamera imeshakuchagulia rangi, na ukiiweka mezani mkono utaanza kunakili kingo za vitu kabla hujajua.

Rangi: anza na jirani, si na maana

Kwa akriliki, rangi inayochanganyika na maji na kukauka upesi, tyubu sita zinatosha: nyeupe ya titani, ultramarini (bluu iliyokolea), manjano ya limau, manjano ya udongo, nyekundu moja kali na siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu). Nyeusi sishauri. Ultramarini na siena iliyochomwa zikichanganywa karibu nusu kwa nusu hutoa giza linalokaribia nyeusi, na ukilitia nyeupe unapata kijivu unachoweza kukisogeza: siena zaidi kikawa na joto, ultramarini zaidi kikapoa. Vijivu hivyo vitakufaa kuliko rangi kali zote. Ukiamua kuongeza bluu ya ftalo, bluu kali sana, chota kidogo kama punje ya mchele kwanza, kwa maana inameza kila kitu inachokutana nacho.

Paka sampuli 20 za sentimita 5 kwa 5 kwenye karatasi nzito na uzikate. Subiri zikauke kabisa kabla ya kuchagua. Gundi ya akriliki ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, na ikikauka inapitisha mwanga kama kioo, ndiyo maana rangi huongezeka giza inapokauka. Changanya ikiwa nyepesi kidogo kuliko unavyotaka. Anayechagua rangi ikiwa mbichi atashangaa kesho yake kwa nini asubuhi aliyoichora imegeuka jioni.

Sasa zipange sampuli mezani mbili mbili, usiitazame yoyote ikiwa peke yake. Mwaka 1839 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika karakana ya mazulia ya Gobelins, alichapisha maelezo ya jambo ambalo wafumaji walikuwa wakililalamikia: nyuzi nyeusi zilionekana dhaifu, na kasoro haikuwa kwenye dawa ya rangi bali kwenye rangi zilizokaa jirani nazo. Lijaribu mwenyewe. Weka kipande cha kijivu kilekile juu ya chungwa, kingine juu ya bluu. Cha kwanza kitaelekea ubluu, cha pili kitaonekana chenye joto. Maana yake ni kwamba chumba cha baridi unachokikumbuka huenda hakihitaji bluu hata kidogo. Kijivu kilichozungukwa na chungwa kilichofifia kitakupa baridi ambayo haitaji jina lake, na hiyo iko karibu zaidi na jinsi tunavyokumbuka.

Kisha gawa maeneo. Kosa ninaloliona mara nyingi ni rangi nne kugawana turubai robo kwa robo, zote zikipiga kelele sawa. Jaribu 70, 20, 8 na 2 kwa mia. Ile ya 2 ndiyo iwe kali kuliko zote, na uiweke mbali na katikati.

Jambo jingine ni kufifisha. Watu wakitaka rangi ionekane ya zamani huongeza nyeupe, rangi ikapoa na kuwa kama chaki. Ongeza badala yake chembe ya rangi iliyo kinyume chake: kijani kidogo ndani ya nyekundu, zambarau kidogo ndani ya manjano. Nyekundu iliyopunguzwa hivyo huelekea damu iliyokauka, na uzito wake unabaki.

Ruwaza na mahali inapokatika

Rudi kwenye ile mistari 10, utafute kilichojirudia. Hatua za ngazi, matone, mistari ya kivuli, pumzi ya mtu aliyelala. Kifanye alama moja tu: mkwaruzo, nukta, mstari mfupi. Chora alama hiyo mara 50 kwenye karatasi kabla hujagusa turubai, ukibadilisha upana wa brashi na nafasi kati ya alama. Nafasi zikibana, kasi inapanda. Zikipanuka, muda unarefuka.

Alma Thomas, mchoraji wa Marekani aliyefariki mwaka 1978, alijenga picha zake za baadaye kwa vipande vifupi vya rangi vilivyopangwa kwa safu au kwa duara, na alianzia kwenye mwanga uliopita kati ya majani ya mti nje ya dirisha lake. Tazama nyufa kati ya vipande vyake: vipande havilingani ukubwa, na rangi ya chini inachungulia. Kwa kutolingana huko ruwaza inapumua. Ukipima kila nafasi kwa rula utapata kitambaa cha mapazia.

Kwa hiyo ivunje, na uivunje mahali palipo na sababu. Kama kumbukumbu ina jambo usilolikumbuka vizuri, hapo ruwaza ipotee. Futa kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya dakika chache za mwanzo, kabla rangi haijashika. Ikishakauka kwa siku nzima, kwaruza kwa msasa namba 220 uliolowanishwa; ukiutumia mkavu unaziba upesi na kutoa vumbi. Ukitumia utepe wa gundi kupata mistari iliyonyooka, pitisha kwanza rangi ya chini ileile kwenye ukingo wa utepe, iache ikauke, ndipo upake rangi mpya. Rangi ya chini itaziba mianya, na mpya haitavuja.

Tabaka

Kufunika bila kuficha kabisa kuna njia mbili. Ya kwanza ni utando mwembamba: sehemu 1 ya rangi kwa sehemu 6 za midiamu ya akriliki (gundi ya akriliki isiyotiwa rangi), juu ya tabaka lililokauka. Usitumie maji matupu kwa kazi hii, kwa kuwa yakizidi gundi inapungua na rangi inaweza kutoka ukiipangusa. Ya pili ni brashi kavu yenye rangi nyepesi, ikisuguliwa juu ya giza hadi ionekane kama ukungu. Angalia: nyeupe nyembamba juu ya giza huonekana ya kibluu hata kama haina bluu ndani yake. Kama hutaki ubaridi huo, itie manjano ya udongo kidogo.

Turubai lisilopakwa jeso, ile rangi nyeupe ya msingi inayoziba nyuzi, hufanya kazi tofauti, maana hunywa rangi. Mwaka 1952 Helen Frankenthaler, baada ya safari ya Nova Scotia nchini Kanada, alilitandaza sakafuni akamimina rangi ya mafuta iliyoyeyushwa kwa tapentaini, na mandhari aliyoyaona yakabaki madoa ya waridi, bluu na kijani. Mbinu hiyo iige kwa akriliki, si kwa mafuta. Mafuta huacha duara la unjano kuzunguka doa na hudhoofisha nyuzi kadiri miaka inavyopita. Na usipake akriliki juu ya rangi ya mafuta, itabanduka.

Tope nalo lina sababu yake. Hutokea rangi tatu au zaidi zikikutana zikiwa mbichi, hasa zilizo kinyume. Dawa ni kungoja. Tabaka jembamba la akriliki hukauka ndani ya dakika 10 hadi 30. Tumia muda huo kusafisha maji, ambayo kwa kawaida ndiyo yaliyoanza kuchafua kazi.

Kabla hujasema imekwisha, ipige picha kwa simu na uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Ikiwa yote ni kijivu cha aina moja, tatizo lako ni mwanga na giza, na hakuna rangi mpya itakayokuokoa. Kisha mwonyeshe mtu, wala usimuulize anaona nini. Muulize ni saa ngapi hapo, kuna joto au baridi, kuna kelele au kimya. Akijibu haraka, iache. Akisema anaona farasi, tafuta ule ukingo unaomchora farasi, uukate kwa brashi pana, halafu umuulize tena kesho.